Kutoka Kioo Hadi Kioo Si Mapumziko

Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi kwenye kituo cha Horombo katika Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mwaka huohuo haujaisha, mtandao ukafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kwa waongoza watalii na wagumu wanaobeba mizigo hiyo ni neema, maana mtu akizidiwa na mlima msaada unaitwa mapema. Ila kuna kisingizio kimoja kilichofia pale. "Sikuuona ujumbe wako bosi, nilikuwa mlimani" haimdanganyi tena mtu yeyote. Kama hata kileleni kuna WhatsApp, basi mapumziko ya kutoangalia kioo hayatakuja yenyewe kwa sababu mtandao umekata. Uyapange mwenyewe.

Vidokezo hivi ni kwa anayeshinda mbele ya kompyuta au simu pale Moshi na vijijini mlimani: karani, mwanafunzi wa Ushirika au wa KCMC, mwenye kibanda cha miamala, dada wa mapokezi hotelini, kijana anayejibu barua pepe za wazungu wanaotaka kupanda mlima. Chukua vinavyokufaa, vinavyobaki mwachie jirani.

1. Kuhama kutoka kompyuta kwenda simu hakuhesabiki

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloharibu mengine yote. Mtu amekaa na jedwali la mahesabu tangu asubuhi, macho yanawasha, anajinyoosha, anasema "ngoja nipumzike kidogo", halafu anashika simu. Anaingia kwenye grupu la kamati ya harusi. Anasoma nani kaahidi, nani katoa, nani kaandika "nitapunguza wiki ijayo". Anahamia video za kuchekesha, anapita kwenye stetasi za watu, anarudi kwenye jedwali lake akiwa hoi kuliko alivyoliacha. Macho hayakubadilisha umbali, shingo ilibaki imeinama vilevile, na kichwani ameongeza mzigo mpya: kumbe na yeye hajatoa elfu hamsini yake.

Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba ukiacha kazi moja na kurukia nyingine, sehemu ya mawazo hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa kama hukuimaliza. Na grupu la harusi, kama unavyojua, halimaliziki mpaka bibi harusi aingie ukumbini. Mtafiti mwingine, Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima kwa miaka mingi muda ambao watu hukaa kwenye kioo kimoja kabla ya kurukia kingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa dakika mbili na nusu. Vipimo vya miaka ya karibuni vinatoa kama sekunde 47. Sekunde 47 hazitoshi hata kumsalimia mzee wa Kichagga ukamaliza habari za nyumbani, ng'ombe na mvua.

Kwa hiyo kanuni ya vidokezo vyote vinavyofuata ni moja: wakati wa mapumziko, macho yaende mbali na mikono ishike kitu kisichotumia chaji.

2. Utazame mlima, lakini kwa ratiba yake

Madaktari wa macho wana ushauri mwepesi kwa watu wa kompyuta: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Ukitazama karibu, msuli mdogo ndani ya jicho unakaza ili uone vizuri. Ukitazama mbali, unalegea. Halafu kuna kupepesa. Mbele ya kioo tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana jioni yanakuwa makavu kama yameingia vumbi la Pasua.

Wenzetu wa miji mingine wanatafuta mita 6 zao kwenye ukuta wa ghorofa la jirani. Moshi unapewa kilele cha Kibo, zaidi ya kilomita 30 kutoka dirishani pako, bure. Tatizo ni kwamba Kibo haingoji mtu. Asubuhi na mapema iko wazi kabisa, na Mawenzi pembeni yake. Jua likishapasha ardhi, hewa yenye unyevu inapanda mitelemko, inapoa huko juu na kuwa mawingu, na kufikia saa tano mlima mara nyingi umeshajifunika. Karibu na saa kumi na mbili jioni unaweza kufunuka tena. Basi weka mapumziko mawili marefu ya macho kwenye saa hizo: moja kabla hujawasha kompyuta, jingine ukishaizima. Katikati ya mchana tumia chochote kilicho mbali, mti wa jirani au paa la soko.

Masika mlima unaweza kupotea siku kadhaa mfululizo. Usiache zoezi kwa sababu hiyo. Mawingu nayo yako mbali.

Na tafadhali, usiupige picha. Ukishatoa simu upige picha utataka kuiweka stetasi, ukishaiweka utataka kujua nani kaiona.

3. Pumzika kabla hujachoka

Watu wengi husubiri mpaka herufi zianze kucheza ndipo wainuke. Hapo umeshachelewa, nusu saa ya mwisho uliyofanya utairudia kesho. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, Atsunori Ariga na Alejandro Lleras, waliwapa watu 84 kazi ya kuchosha ya dakika 50 mbele ya kompyuta. Makundi mengine uangalifu wao ulishuka kadiri muda ulivyokwenda. Kundi lililokatishwa mara mbili kwa muda mfupi tu, likapewa kitu kingine cha kufanya, halikushuka. Mara mbili ndani ya dakika 50!

Muitalia Francesco Cirillo, aliyekuwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alijiwekea dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, akipima kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Dakika 25 ni fupi kwa baadhi ya kazi, na sioni sababu ya kuzifuata kama msahafu. Anayefunga hesabu za mwezi anaweza kwenda 50 kwa 10. Jambo la maana ni kwamba kengele ilie kabla mwili haujalalamika, na kengele hiyo isiwe programu ya simu, kwa sababu utaenda kuizima na kukuta ujumbe. Saa ya ukutani inatosha. Mjini kuna adhana, kuna kengele za makanisa, kuna kengele ya shule ya jirani. Chagua mojawapo iwe ya kukuinua kitini.

4. Simu janja kwenye droo, kitochi mezani

Hapa ndipo ushauri wa magazeti ya Ulaya unapokwama kwetu. Wanasema "zima simu". Azime nani? Mama yako yuko Rombo na presha. Mteja anataka kulipa. Fundi anasubiri hela ya saruji. Simu kwetu ndiyo benki na ndiyo ofisi, na mtu anayekuambia uizime saa nne hajawahi kuuza duka.

Lakini angalia vizuri ni sehemu gani ya simu inayokuibia akili. Kupigiwa hakuibi kitu. Mtu akipiga ana jambo, mnaongea, mnakata. Ujumbe wa muamala hauibi. Kinachoiba ni kile kioo kikubwa chenye picha zinazotembea. Basi vitenganishe. Nunua kitochi, ile simu ndogo ya vitufe ambayo vijana wanaiita kiswaswadu, uhamishie humo laini ya kupigiwa na ya pesa. M-Pesa inafanya kazi kwa *150*00# bila intaneti wala programu, na ujumbe wa kuthibitisha malipo unaingia kama kawaida. Chaji inakaa siku kadhaa. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji, unaiokota, unairudishia betri, maisha yanaendelea.

Simu janja iende droo ya chumba kingine, ikitolewa kwa saa zake. Kuilaza kifudifudi mezani hakusaidii sana. Adrian Ward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walichapisha mwaka 2017 majaribio ambayo watu walifanya mitihani ya kumbukumbu na kufikiri huku simu zao zikiwa mezani, mfukoni au chumba kingine, zote zimenyamazishwa. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani, ingawa hakuna simu hata moja iliyolia. Watafiti wengine waliojaribu baadaye hawakupata jibu lilelile kila mara, kwa hiyo usilichukue kama dawa ya hospitali. Lakini droo haina gharama, jaribu uone.

Kuna kazi moja zaidi: waambie watu. "Kuanzia saa tatu hadi saa sita ukinihitaji nipigie, ujumbe nitausoma mchana." Wazee watafurahi, wao siku zote wamependa kupiga. Vijana watanung'unika kidogo, kisha watagundua kwamba mambo yao mengi hayakuwa na thamani ya vocha.

5. Tembea mwendo wa mlimani

Waongoza watalii wanaimba "pole pole" tangu getini Marangu au Machame kwa sababu mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi. Mwendo huohuo unamfaa mtu aliyetoka kwenye kompyuta, kwa sababu nyingine. Mwaka 2008 Marc Berman, John Jonides na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapa watu mtihani wa kurudia tarakimu kinyumenyume, kisha wakawatembeza kwa karibu saa nzima, mara moja kwenye bustani ya miti na mara nyingine kwenye barabara zenye magari. Waliotoka kwenye miti walirudi na alama bora. Waliotoka barabarani hawakupata nyongeza ya maana. Na kilichonifurahisha mimi zaidi ni hiki: wengine walitembea wakati wa baridi kali ya kwao, wakasema hawakufurahia hata kidogo, na bado walifaidika.

Kwa hiyo usisubiri hali ya hewa nzuri. Julai ya Kibosho yenye ukungu na kikoti inafaa kabisa.

Ukiwa mjini, kata kushoto uache barabara kuu, upite mitaa ya Shanty Town chini ya miti, au nenda Msitu wa Rau nje kidogo ya mji, kwenye mivule mirefu na mbega. Ukiwa Uru, Old Moshi au Machame una kitu bora zaidi: njia za miguu zinazofuata mifongo, ile mifereji ya asili ambayo wazee walichimba kuteremsha maji kutoka msituni hadi vihambani. Njia hizo ni nyembamba, zina mizizi na utelezi, hivyo macho lazima yaangalie unapokanyaga. Anayetembea pale huku anaperuzi atajikuta ndani ya mfereji, na kijiji kizima kitajua kabla hajafika nyumbani.

Usivae visikilizio vya masikioni. Sauti ya maji inatosha.

6. Menya ndizi

Nasema kweli. Kati ya mapumziko yote ninayoyajua, hakuna linalolinda akili dhidi ya simu kama ndizi mbichi za mtori. Utomvu wake unaganda mikononi, unageuka mweusi, na hautoki kwa sabuni peke yake, ndiyo maana kina mama wanajipaka mafuta ya kula kabla ya kuanza. Mtu mwenye mafuta na utomvu hadi kwenye kiganja hashiki simu, hata ikilia mara tatu. Mchumba atasubiri.

Kihamba kimejaa kazi za aina hiyo. Migomba iko juu ikitoa kivuli, kahawa chini yake, magimbi na maharage chini zaidi, ng'ombe kwenye banda akisubiri kuletewa majani. Kuchuma kahawa kunahitaji jicho linaloamua: tunda jekundu linaenda kikapuni, la kijani linabaki mtini. Jicho linafanya kazi, mikono inafanya kazi, lakini ni uangalifu mwepesi unaoacha mawazo yazurure. Mara nyingi jibu la tatizo ulilokwama nalo ofisini linakuja ukiwa kwenye mti wa tatu au wa nne, wala hukuwa unalitafuta.

Usiigeuze kuwa maonyesho, hata hivyo. Mjini kuna mtu anakwenda kijijini Jumamosi, anavaa gamboti, anapiga picha akiwa na jembe, anakaa kivulini kujibu pongezi hadi jioni. Bibi yake ndiye aliyelima.

7. Kijiwe kina mtu mbele yako

Kikombe cha kahawa na kashata, mtu mmoja wa kubishana naye kuhusu Simba na Yanga, dakika kumi. Kama hupendi mpira kuna drafti ya visoda, na kuna bao. Mchezaji wa drafti anayechungulia simu analiwa kete, na wenzake hawamhurumii.

8. Wateja wa ng'ambo wapewe saa zao

Moshi ina kampuni nyingi za kupandisha watalii, na vijana wake wanaishi na saa za Berlin na Chicago kichwani. Mteja anauliza usiku wa manane kama atahitaji glavu nene au nyembamba, na kijana anaamka kujibu akiogopa asimpoteze. Asubuhi anaanza kazi akiwa ameshachoka.

Andika kwenye jibu la kwanza kabisa: "Tunajibu mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, saa za Afrika Mashariki. Kwa dharura ya aliyeko mlimani, piga namba hii." Halafu uheshimu ulichoandika. Mteja anayesubiri miezi mitano kufika Kibo anaweza kusubiri saa nane kujua habari za glavu. Zipo kampuni zitakazosema ushindani hauruhusu. Huenda ni kweli kwa msimu wa Julai na Agosti. Basi wapeane zamu, asiwe mtu mmoja usiku na mchana.

9. Wanafunzi: steshenari bado ipo

Notsi za kurasa arobaini ndani ya simu yenye kioo cha kiganja ni adhabu. Zichapishe. Utatoa hela ya chakula cha mchana mmoja, utapata karatasi za kupigia mstari na kuandika pembeni, na karatasi haitakuletea taarifa kwamba fulani yuko mubashara. Soma nje, chini ya mti. Simu mwachie mwenzako wa chumba, naye akuachie yake siku ya zamu yake.

10. Safari ya Desemba, kaa dirishani

Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, na kutoka Dar ni kama kilomita 550 za kukaa kitako. Hayo ni mapumziko makubwa yanayopotea kila mwaka watu wakimaliza bando kabla ya Korogwe. Basi lenyewe nalo linakupinga, kwa sababu lina runinga inayopiga filamu za kulia na kupigana kwa sauti ya juu. Keti upande wa kulia, dirishani. Utapata mashamba ya mkonge, kisha ukuta wa Usambara pale Mombo, kisha Upare kwa kilomita nyingi. Ukipata nafasi ya treni, ile iliyorudi Desemba 2019 baada ya kukaa zaidi ya miaka 20 bila kubeba abiria wa Moshi, panda. Inakwenda taratibu na stesheni zake zina wauza matunda wa kuongea nao.

Ukifika nyumbani, simu za watu wazima zikae kwenye kapu moja wakati wa chakula, za baba zikiwemo. Nimeona nyumba ambako watoto walinyang'anywa simu zao huku mzee akisoma mtandaoni mezani akidai ni habari. Watoto waliona.

11. Usiku, chaji iwe sebuleni

Soketi ya chumbani iwe ya taa. Saa ya mezani ya kukuamsha inauzwa sokoni, na wengi wanaosema simu inakaa karibu na mto "kwa ajili ya alamu tu" wanaiangalia saa saba usiku. Ukikaa bila kioo saa moja kabla ya kulala, mwanzoni utaona muda hauendi. Pasi nguo za kesho, chambua mchele, ongea na mwenzako.

Nesi wa zamu, dereva wa gari la wagonjwa, na mwenye mgonjwa nyumbani, ninyi kitochi kibaki karibu na mto, sauti juu. Simu janja iende sebuleni pamoja na za wengine.